Kundi la Tatu Lina Mtu Mmoja

Kwa anayenikuta leo mara ya kwanza, nitamfupishia. Mimi ni Abdulghafur wa Kuze, huku Mji wa Kale, mwana wa Bi Mwanakuu, mtunzi wa mashairi ambaye hakufunzwa na mtu. Nimekwisha eleza nilivyofukuzwa kazi ya ukarani bandarini kwa kumjibu mkubwa wangu kwa beti nne, na posa yangu ilivyorudishwa na watu waliosema kijana mwenye mdomo kama wangu haozwi hata paka. Wiki iliyopita kisa nilikiachia pale mahakamani, wakili mmoja wa tai nyekundu alipomuuliza mama yangu, mbele ya watu, kama anafahamu maana ya neno "ndiyo". Ukumbi mzima ukacheka.

Mimi sikucheka. Niliapa pale pale kuwa nitakuwa wakili.

Leo nawaeleza nilivyofika mlangoni mwa chuo cha sheria. Anayependa kucheka na acheke. Nimezoea.

Mwaka wenyewe ni huo wa tisini na sita. Chuo kikuu kimoja cha bara, jina lake nalihifadhi, kilitangaza kuwa kinatafuta wanafunzi wa sheria, na kwamba waombaji watagawanywa makundi matatu. Kila mtu achague lake.

Kundi la Kwanza ni watoto waliotoka shuleni juzi na alama zao za kumeremeta. Mimi nilifanya mtihani wa kidato cha nne wiki ile baba alipozikwa, kwa hivyo hao niliwapungia mkono.

Kundi la Pili ni watu wazima, walioacha masomo wakafanya kazi. Hao hushindana kwa mtihani. Pwani nzima ilipewa nafasi moja. Moja tu!

Kundi la Tatu ni wenyeji wa zile walizoziita "sehemu zilizobaki nyuma". Hao hufanya mtihani ule ule, lakini si lazima wamshinde mtu. Wakipasi tu, inatosha. Pwani yote ilihesabiwa humo, ikapewa nafasi tatu.

Na chuo kikasema wazi kuwa mwaka huu ndio wa mwisho kwa Kundi la Pili na la Tatu. Baada ya hapo ni watoto wa kumeremeta peke yao.

Mama alipoyasikia hayo alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata macho.

"Ingia Tatu."

"Mama!"

"Nafasi tatu na moja, ipi nyingi? Au hesabu nayo hukufunzwa na mtu?"

"Mama, wale wanasema ni watu waliobaki nyuma. Mimi nimebaki nyuma ya nani?"

"Nyuma ya yule wa tai nyekundu."

Nilinyamaza. Lakini kunyamaza kwangu si kukubali, na mama ajua hivyo tangu nikiwa mchanga.

"Mimi siombi huruma," nikamwambia. "Nitawashinda wote kwa kalamu, niingie kwa mlango wa watu."

"Haya, wende kwa mlango wa watu," akasema. "Ukifungwa, usije ukagonga wangu."

Nikajiandikisha Kundi la Pili. Mtihani tukaufanyia Kizingo, katika ukumbi wenye feni za dari na bustani iliyofagiliwa hadi mchanga ukawa na mistari. Tulikuwa watu wengi, Pili na Tatu pamoja, karatasi moja. Niliandika kama niliyepagawa. Nilitoka nikijua nimewafunika wote.

Na hapo ndipo ulimi uliponiwasha.

Pale Kuze tuna baraza yetu, nje ya duka la Chirau. Chirau ni rafiki yangu wa utotoni. Babake alihamia mjini akitokea kijiji cha Ng'ombeni, Chirau akiwa amekwisha anza shule huko, na yeye Chirau hushona kofia za mkono, zile za vito, zenye nakshi ya sindano, ambazo watu hungojea miezi kuzivaa. Jioni wanaume hukaa hapo na kahawa. Chirau hushona, wengine husema.

Jioni ile Chirau akasema, sindano mkononi, "Na mimi nimefanya ule mtihani. Nimejiandikisha Tatu."

"Tatu?" nikamwuliza. "Wewe? Huoni haya?"

"Nione haya ya nini? Shule niliyosomea haikuwa na paa. Mvua ikinyesha, Jiografia yetu ilikuwa kuogelea."

Watu wakacheka. Wakamcheka yeye, si mimi, na kwa mtu kama mimi hilo ni jambo la kushindana nalo. Nikasimama. Nikatunga pale pale, sikuandika hata herufi:

Enyi vijana wa Pwani, mwaipendeani nyuma?
Kuna lango la mbeleni, nyinyi mwasaka huruma,
Mwajiita masikini, ili mupate kusoma,
Sipiti Tatu sipiti, heri nikose daima!

Nikaongeza beti nyingine sita, na katika ule wa tano nikamtia mshona kofia mmoja anayechomwa na sindano kila akisikia neno "mtihani". Baraza ililipuka. Wazee walishika mbavu. Chirau mwenyewe alicheka, akainama akaendelea kushona.

Ningeliacha hapo yangelikwisha. Lakini shairi zuri mjini kwetu halilali. Wiki ile ile kulikuwa na harusi Kibokoni, na kule juu kwa wanawake mtu akalitia sauti, na ngoma, na vigelegele. Asubuhi yake hata wauza mbaazi walikuwa na "Sipiti Tatu sipiti" mdomoni.

Msomaji wa bara huenda akauliza, kuna nini hapo? Wimbo ni wimbo. Basi nimfunze. Mtu wa kwetu atavumilia njaa, atavumilia jua, atavumilia hata mkwe mbaya. Kuimbwa harusini havumilii. Ukishaimbwa na wanawake kwa jina au kwa fumbo, umekwisha. Utahama mtaa na wimbo utakufuata.

Chirau wakamwita "Bwana Tatu". Hata watoto wa madrasa. Akaacha kunisalimia. Nikipita barazani, yeye huitazama kofia yake kana kwamba imeandikwa siri za dunia. Nikasema moyoni, wacha anune, mwenye kununa hunyoka mwenyewe akishachoka.

Nilikuwa na shughuli kubwa zaidi. Nilikuwa nimejibiwa.

Alhamisi, katika kipindi cha mashairi redioni, mtangazaji alisoma jibu la mtu aliyejiita "Asiyetambulikana wa Ganze". Kwa bahari ile ile yangu! Nilikuwa nikinywa chai, nusura nipaliwe.

Malenga wa barazani, ulozaliwa na taa,
Wajua nini gizani, kwa kibatari na njaa?
Mlango hauna duni, kwa alolowa masaa,
Nipishe mimi nipite, wewe baki washangaa.

Nakiri, mizani ilikuwa sawa. Vina sawa. Nilimtafuta huyo bwana mji mzima nimjibu uso kwa uso. Niliuliza Kongowea, nikauliza Makadara. Hakuna aliyemjua. Nikajisemea, mwoga huyo, mwanamume mzima ajificha nyuma ya redio.

Siku ya kuhojiwa ikafika. Waliopasi mtihani waliitwa Kizingo, kila mmoja aje aseme mwenyewe kundi lake mbele ya jopo. Sheria ilikuwa kwamba unaweza kubadili kundi ulilojiandikisha, lakini mara moja tu, na kabla jopo halijafunga kazi.

Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Nje ya chumba cha jopo palikuwa na ubao mrefu wa kukalia, na juu yake mwanamke mmoja wa umri wangu, amevaa sare ya posta, anakula njugu kwenye karatasi iliyokunjwa.

"Sabalkheri," nikamwambia.

"Aheri. Wewe ndiwe Ghafuri wa mashairi?"

"Ndimi. Umenijuaje?"

"Umekuja kama mtu anayengojea kupigiwa makofi."

Nikaketi mwisho wa ubao, mbali naye.

"Mimi ni Kanze," akasema. "Nafanya kazi posta. Nimekuja Tatu."

"Pole."

"Pole ya nini? Nimefiwa?"

"Pole ya kuomba huruma, dada yangu. Mtu mwenye kichwa chake..."

"Kaka, hebu nikuulize. Ulisomea wapi?"

"Hapa hapa mjini."

"Kitabu cha kwanza kukishika ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sikumbuki. Vilikuwapo nyumbani tangu zamani."

"Mimi nakumbuka," akasema. "Nilikuwa na tisa. Kilikuwa hakina jalada, na tulikuwa tukikisoma watu kumi na wawili, wengine kichwa chini miguu juu. Hadi leo naweza kusoma kitabu kilichopinduliwa. Wewe waweza?"

"Hilo halina haja."

"Bila shaka. Aliyezaliwa na taa haoni haja."

Nilimgeukia. Yeye akatupa ganda la njugu bustanini, kwenye ule mchanga wenye mistari, kisha akasema taratibu, kama anayejisemea, "Nipishe mimi nipite..."

Nikainuka ubaoni.

"Ni wewe!"

"Ulikuwa ukitafuta mwanamume," akasema. "Nilikusikia ukiuliza posta, dirishani kwangu. Ulinunua stempu mbili. Nikakurudishia chenji."

Wallahi sijapata kutukanwa vizuri vile.

Mlango ukafunguka, akatoka karani wa jopo, msichana wa bara jina lake Beryl. Alimwendea Kanze kwa uso wa mtu aliyebeba habari asiyoipenda.

"Dada Kanze, kuna tatizo. Kundi lako lina mtu mmoja. Ni wewe peke yako."

"Peke yangu? Waliopasi Tatu si walikuwa saba?"

"Saba. Sita hawakuja. Na sheria ya chuo ni kuwa kundi lenye mtu mmoja halifunguliwi. Ikifika kesho saa sita, nafasi zote tatu zinarudi bara."

"Hawakuja kwa nini?"

Beryl alinitupia jicho, akaliondoa haraka.

"Mmoja nilimpigia simu kazini kwake. Akaniambia, hata mkinipa ujaji siji. Siwezi kuimbwa ilhali mama yangu yuko hai."

Kanze akaikunja ile karatasi ya njugu, akaikunja tena, hadi ikawa kama kidonge. Hakulia, na hakupiga kelele. Ningependa angalau apige kelele.

"Umesikia, malenga?" akaniuliza. "Shairi lako limefanya kazi kuliko serikali."

Nikaitwa ndani.

Mwenyekiti wa jopo aliitwa Bwana Nicanor, mtu wa ziwa, mnene, mwenye kitambaa cha kupangusia jasho ambacho hakikupata kupumzika. Joto letu lilikuwa likimhukumu kabla hajamhukumu mtu. Aliniambia niketi.

"Bwana Abdulghafur. Kundi la Pili."

"Ndiyo."

"Umeongoza mtihani. Pwani nzima."

Nilitaka kusema "najua", nikajizuia, nikasema "Alhamdulillahi", ambayo kwa sauti niliyoitoa ilikuwa na maana ile ile.

"Basi kazi ni ndogo. Sema Pili mbele yangu, karani aandike, tupeane mikono, uende nyumbani ukamwambie mama yako."

Neno lilikuwa ulimini. Wakili wa tai nyekundu nilimwona ananisogezea kiti. Nilikuwa nimefika.

"Na yule aliye nje?" nikauliza.

"Yupi?"

"Yule dada wa posta."

"Yule amekuwa wa pili kwa alama, nyuma yako. Kidogo tu. Akibaki Tatu hana kundi. Akija Pili, nafasi ni moja na wewe umemshinda. Kwa vyovyote hana mahali. Kwani ni jamaa yako?"

"Hata."

"Basi sema Pili twende."

Sasa hapa nisiwadanganye. Wapo watakaosema moyo wangu uliingiwa na imani. Huenda. Lakini kilichonijia kwanza ilikuwa picha. Nilijiona nikitoka pale nje, Kanze ananijia machozi yanamlengalenga, ananiambia, kaka Ghafuri, sikujua wewe ni mtu wa namna hii. Na mimi namwambia, si neno, dada. Nilikuwa hata nimeanza kutafuta ubeti wa kumwambia. Nilitaka kumsamehe kwa kosa nililomkosea mimi.

"Nikihamia Tatu," nikasema, "Tatu itakuwa na watu wawili?"

Bwana Nicanor akaacha kujipangusa.

"Itakuwa na wawili."

"Na sote wawili tutaingia?"

"Nyote mmepasi. Mtaingia."

"Basi niandike Tatu."

"Kijana, hebu rudia."

"Tatu."

"Wewe si ndiye wa ile nyimbo? Hata dereva wetu anaiimba, na yeye hajui maana yake."

"Ndimi."

"Na unajua kubadili ni mara moja? Ukitoka Pili, hutarudi."

"Najua."

Alimtazama Beryl, Beryl akamtazama yeye, kisha kalamu ikaandika. Nilijihisi mwepesi kama sufi. Nikamwomba Bwana Nicanor amwite Kanze hapo hapo, asikie mbele yangu. Nilitaka kuuona uso wake. Haya, nimesema.

Kanze akaingia.

"Bi Kanze," Bwana Nicanor akamwambia, "una bahati. Kundi lako limefunguka. Huyu bwana ameiacha Pili, amehamia Tatu."

Kanze alinigeukia. Machozi hayakuwapo.

"Kwa nini?"

"Nimeona haya, dada. Haifai wewe ukose kwa sababu yangu."

"Umeona haya. Mji mzima umeimba, vijana sita wamejifungia majumbani, hukuiona. Leo imekujia Kizingo, mbele ya mwenyekiti?"

"Si lazima unishukuru."

"Sikushukuru," akasema, akamgeukia Bwana Nicanor. "Bwana mkubwa, ile nafasi ya Pili aliyoiacha, sasa ni ya nani?"

"Ni ya anayemfuata kwa alama, akiwa yuko Kundi la Pili."

"Anayemfuata ni nani?"

Feni ikazunguka. Beryl akasafisha koo.

"Ni wewe, dada."

"Nami nina haki ya kubadili mara moja, kama yeye?"

"Unayo," akasema Bwana Nicanor, polepole sana.

"Basi niandike Pili."

Niliruka kwenye kiti.

"Kanze! Dada! Tukikaa Tatu sote tunaingia! Sote!"

"Tunaingia, halafu? Nitakaa chuoni miaka minne, na huku Mji wa Kale waimba kuwa Ghafuri alinibeba mgongoni. Ule mlango mimi nilikuwa tayari kuupita, kaka. Nilikuja peke yangu, wenzangu wote wamekimbia, na matope uliyoupaka nimeyaona. Ningeupita na matope yake. Lakini kuupita nikiwa nimeshikwa mkono na wewe, la. Hilo sikuliomba."

"Nimekufanyia wema!"

"Umejifanyia. Mimi ulinikuta tu njiani."

Beryl akaandika. Nilisikia kalamu, krr, krr. Kanze akampa mkono Bwana Nicanor, akampa Beryl, akatoka. Mimi hakunipa. Sikumlaumu, yangu yote miwili ilikuwa imeshika kichwa.

"Bwana mwenyekiti, nirudishe Pili."

"Pili ina mwenyewe."

"Lakini mimi nimeongoza mtihani! Pwani nzima!"

"Umeongoza," akasema, na sikuona kama ananionea huruma au anajizuia kucheka. Kitambaa kilikuwa usoni. "Lakini wewe ni wa Kundi la Tatu, na Kundi la Tatu lina mtu mmoja. Sisi twaondoka kesho kwa gari la moshi la jioni. Niletee mtu wa pili kabla ya saa sita mchana. Awe amepasi, awe alijiandikisha Tatu, aje mwenyewe aseme kwa mdomo wake. Ukimleta, mtaingia nyote. Usipomleta, nafasi zinarudi bara, nawe utabaki kutunga."

"Waliopasi ni nani?"

Beryl akanisomea. Mmoja Lamu. Wawili Taita. Mmoja Msambweni, amehama hajulikani alipo. Mmoja ndiye yule aliyesema hata mkimpa ujaji.

"Wa karibu ni huyu wa sita," akasema. "Yuko Kuze. Chirau."

Nilirudi kwa miguu. Kutoka Kizingo hadi Kuze si mbali, lakini siku ile ilinichukua mchana mzima, kwa sababu kila kona nilisimama nikatafuta njia nyingine isiyokwenda kwa Chirau. Hakuna.

Mama alinipokea mlangoni.

"Umeingia?"

"Bado."

"Kundi gani?"

"Tatu."

Akapiga kofi la furaha. "Hatimaye wamsikiliza mamako!"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwa Kanze, mama alikaa kitako ngazini, akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia. Mabega yalimtikisika kwa kicheko.

"Mama, nenda wewe kwa kina Chirau. Mamake ni mwenzio. Wewe ukisema, watasikia."

Kicheko kikamkatika. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipovunja kitu cha watu.

"Ulipomtukana ulinituma mimi?"

"La."

"Basi na leo sitakwenda."

Nikaenda. Ilikuwa baada ya alasiri, saa ambayo baraza hujaa. Wote walikuwapo, wale wale wazee walioshika mbavu, vikombe mkononi. Chirau alikuwa katikati yao na kofia nyeupe gotini. Waliponiona wakaanza kuimba, "Sipiti Tatu..." Kisha mmoja akayaona macho yangu, akawakonyeza wenziwe, wakanyamaza.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikumu salaam," wakajibu wote. Chirau naye alijibu. Salamu ni haki.

"Chirau, nina neno nawe. Twende ndani."

"Sema hapa."

"Ni la siri kidogo."

"Lile la kwanza halikuwa la siri."

Nikamweleza, kwa sauti ya chini, habari ya jopo na kesho saa sita. Wazee wakasogeza vichwa wasipitwe. Nilipomaliza, Chirau alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kwa hivyo nafasi yangu iko."

"Iko, ukija. Yako na yangu."

"Na mimi nataka kwenda," akasema. "Nisikufiche. Usiku silali kwa kuutaka ule mlango. Leo asubuhi nilivaa viatu, nikafika hadi pale kwenye Ngome. Watoto wakaniita Bwana Tatu. Nikarudi."

"Basi twende kesho, pamoja! Nani atatuimba sote wawili?"

"Wewe hawatakuimba. Wewe ndiye muimbaji." Akaiweka kofia pembeni. "Nitakuja, Ghafuri. Lakini kwanza nitake radhi. Ulinitukania hapa, mbele ya hawa. Nitake radhi hapa, mbele ya hawa."

Kumbe ni hilo tu! Nikasimama wima, nikanyoosha kanzu, nikainua mkono kama kawaida yangu, na vina vikaanza kujipanga.

"La," Chirau akasema. "Shusha mkono. Si kwa beti. Beti wazipenda mwenyewe. Ukizisema watakupigia makofi, na makofi si radhi. Niambie kwa maneno ya kawaida, kama watu wanavyosema."

"Chirau..."

"Na adhana ikitoka, mimi nafunga duka. Nikifunga, nimefunga."

Wazee wakasogea, wakaniachia nafasi katikati ya baraza. Mmoja akapuliza kahawa yake, hakuinywa. Huko juu madirisha mawili yakafunguka; wanawake wakachungulia.

Wasomaji wangu, mimi nimemjibu mkubwa wa bandari mbele ya wafanyakazi wake. Nimewajibu wakwe. Sijapata kukosa neno. Nikatazama chini, nikatazama ukuta, nikamtazama rafiki yangu ambaye alikuwa amekwisha chukua ufunguo.

Msikitini kipaza sauti kikakwaruza. Mwadhini akakohoa.

"Chirau," nikasema.

Neno la pili likanijia, na kina chake kikalifuata. Nikalimeza, nikatafuta lisilo na kina.